Tujaze fomu, na tuijaze kwa kweli

Kila sifa njema anastahiki Allah (s.w), Mola ambaye kila elimu inatoka kwake na kwake hurejea. Rehma na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w), aali zake, Maswahaba zake na wote wanaofuata mwendo wao kwa wema hadi Siku ya Malipo. Amma baad.

Ndugu zangu Waislamu, siku moja ya mwezi wa Novemba, baada ya swala ya Alasiri, alinijia nyumbani binti mmoja niliyemfundisha Maarifa ya Uislamu alipokuwa kidato cha pili. Alifuatana na mdogo wake wa kiume. Hivi sasa ana shahada ya uzamili katika sayansi ya maabara na anafanya kazi hapa hapa Dar es Salaam. Baada ya salamu alitoa bahasha ya kaki, akasema: "Ustaadh, naomba nafasi ya kusoma uzamivu katika utafiti wa tiba. Wanataka watu watatu wa kunishuhudia. Wawili ni walimu wangu wa chuo. Wa tatu awe mtu anayeijua tabia yangu kwa miaka mingi, nami nimekuandika wewe."

Nilifurahi, kisha nikaingiwa na hofu. Furaha yangu haihitaji maelezo, kwani kila mwalimu anaijua. Hofu ndiyo iliyonifanya niishike kalamu juma hili.

Miaka kadhaa iliyopita alinijia kijana mwingine, naye mwanafunzi wangu wa zamani, akiomba ufadhili wa masomo ya juu. Alikuja na barua ameshaiandika mwenyewe, imebaki sahihi yangu tu. Barua ilisema kwamba nimemsimamia kwa miaka miwili katika mradi wa afya ya jamii. Mradi huo sikuujua. Nilimtazama, nikamwonea huruma, nikajiambia kuwa huyu ni kijana wetu na wenzetu wanabebana kila siku. Nikatia sahihi. Baada ya wiki chache waliniandikia kuniuliza mradi ulifanyika wapi, kwa watu wangapi, na kijana alikuwa na kazi gani ndani yake. Sikuwa na la kujibu, nikanyamaza. Kijana hakuchukuliwa. Siwezi kusema kwamba ukimya wangu ndio uliomnyima nafasi, maana hilo analijua Allah. Ninachokijua ni kwamba nilitoa ushahidi wa uongo, mimi ninayesimama mbele ya darasa kufundisha kwamba Bwana Mtume (s.a.w) aliuhesabu ushahidi wa uongo katika madhambi makubwa kabisa.

Nimeyasema haya kwanza ili msomaji asidhani kwamba nazungumza nikiwa juu ya mimbari ya usafi. Nazungumza kama mtu aliyekosea na anayeomba toba.

Kilio chetu cha miaka yote

Hakuna asiyekijua kilio chetu Waislamu wa nchi hii katika suala la elimu. Tumekisikia kwenye hotuba za Ijumaa, kwenye makongamano na kwenye kurasa za magazeti. Historia ya shule za misheni wakati wa ukoloni na namna watoto wetu walivyobaki nyuma si hadithi ya kutunga. Mwenye kudai haki yake na aidai.

Lakini tujiulize swali dogo. Katika miaka yote ya ualimu wangu, vijana wetu walionijia kwa ajili ya fomu ya uzamivu katika sayansi za tiba nawahesabu kwa vidole vya mkono mmoja na vidole vinabaki. Wanaonijia kwa ajili ya fomu ya ajira, mkopo au biashara ni wengi, alhamdulillah. Mtu hawezi kunyimwa nafasi ambayo hakuiomba. Kulalamika kuna mahali pake, ila kulalamika hakujazi fomu.

Faradhi iliyoachwa

Wapo wanaodhani kuwa elimu yenye thawabu ni ile tu inayosomwa kwenye mkeka wa madrasa. Imam al-Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, anatukosoa katika Ihyaa. Aliiweka tiba katika faradhi za kutosheleza, yaani zile ambazo wakizitekeleza baadhi jukumu linawaondokea wote, na wasipozitekeleza wanapata dhambi wote. Kisha alilalamika kwamba katika zama zake ilikuwepo miji mingi isiyo na tabibu Muislamu, huku watu wakisongamana kusoma khitilafu na mijadala ya fiqhi. Zaidi ya miaka mia tisa imepita, nasi tukiyasoma maneno yake tunaona kana kwamba ametutembelea Temeke.

Tazama pia mfano wa Ibn al-Nafis, aliyefariki Cairo mwaka 1288. Huyu alikuwa faqihi wa madhehebu ya Shafii, madhehebu yetu ya mwambao huu. Naye ndiye aliyeeleza, katika karne ile ya 13, kwamba damu hutoka upande wa kulia wa moyo ikapita kwenye mapafu ndipo ikafika upande wa kushoto. Ulaya ililijua jambo hilo karibu miaka mia tatu baadaye. Hakuona kuwa fiqhi inamzuia kuuchunguza moyo, wala kwamba kuuchunguza moyo kunampunguzia fiqhi yake.

Na msingi wa yote ni mafundisho ya Mtume (s.a.w) kwamba Allah hakuteremsha maradhi ila aliyateremshia na dawa yake, anaijua mwenye kuijua na haijui asiyeijua. Hadithi hii tunaisoma kwenye visomo vya wagonjwa kwa ajili ya kuwafariji. Lakini ndani yake mna kazi ya kufanywa. Ikiwa dawa ipo na haijulikani, basi ni lazima atoke mtu akaitafute. Huko kutafuta ndiko kunakoitwa utafiti wa tiba.

Binti yule aliniambia kilichomtia hamu. Asili ya mama yake ni Newala. Mwaka 1952 hadi 1953 palizuka huko, kwenye uwanda wa juu wa Wamakonde, homa ya ghafla yenye maumivu makali ya viungo. Watu walijikunja kwa maumivu, na wenyeji wakaiita kwa lugha yao: chikungunya. Daktari Marion Robinson na mwenzake W.H.R. Lumsden waliandika habari zake katika majarida ya kitabibu mwaka 1955, na R.W. Ross akakitenga kirusi chake katika maabara ya Entebbe, Uganda. Leo ugonjwa huo umefika Asia, Ulaya na Amerika, na kila kitabu cha tiba duniani kinauita kwa neno la Kimakonde. "Bibi yangu alikuwa mtoto Newala wakati ule, Ustaadh," alisema. "Jina la ugonjwa ni letu. Damu iliyochunguzwa ni yetu. Lakini elimu yake imeandikwa na wengine."

Hakusema kwa chuki, na sisi tusimsome kwa chuki. Waliokuja wakaandika walifanya kazi ambayo ilipaswa kufanywa, na mwenye kutenda wema hudhulumiwa akinyimwa shukrani. Swali ni la kwetu: tutabaki kuwa watoa damu mpaka lini?

Na jibu limeshaanza kuonekana. Mwaka 2008 jarida la New England Journal of Medicine lilichapisha matokeo ya majaribio ya chanjo ya malaria ya RTS,S kwa watoto wachanga wa Bagamoyo, na jina la kwanza katika orodha ya waandishi lilikuwa la Mtanzania, Dk. Salim Abdulla. Shirika la Afya Duniani liliipendekeza chanjo hiyo mwezi Oktoba 2021. Chanjo ya pili, R21, ambayo nayo ilijaribiwa Bagamoyo miongoni mwa vituo vyake, ilipendekezwa Oktoba 2023. Akina mama wa Bagamoyo waliobeba watoto wao kwenda kwenye majaribio yale walielezwa kwa Kiswahili na watu wa kwao kinachofanywa na kwa nini, kabla ya kukubali. Hiyo ndiyo tofauti ya kuwa na wana wa nchi ndani ya maabara.

Barua tatu katika Qur'an

Sasa tuingie kwenye fomu yenyewe. Mwenye kuomba uzamivu hutakiwa kwa kawaida mambo matatu mbali na vyeti: aeleze mwenyewe yeye ni nani na anataka nini, amtafute msimamizi, na apate watu wa kumshuhudia. Nilipokuwa nikiitazama bahasha ya binti yule niliona kwamba yote matatu yamo katika Qur'an.

La kwanza ni la Nabii Yusuf (a.s). Vijana wetu waliolelewa vizuri wanaona haya kujieleza, wakidhani kila kujieleza ni kujisifu. Basi warejee Surat Yusuf, aya ya 55. Mfalme alipomkubali, Yusuf aliomba mwenyewe awekwe juu ya hazina za nchi, na akataja sifa zake mbili: kwamba ni mlinzi mwaminifu na kwamba ni mjuzi. Hakutaja uzuri wake wala ukoo wake wa Mitume. Alitaja yale mawili tu yanayohusu kazi, mbele ya haja iliyo wazi, nayo ni njaa iliyokuwa inakuja. Na kabla ya hapo, katika aya ya 50, alikataa kutoka gerezani mpaka ukweli wa kesi yake ubainike. Hapo tunapata kanuni nzima: sema unachokijua, sema unavyoaminika, sema ni haja gani ya watu unayotaka kuiondoa, na usiache doa la uongo nyuma yako. Kijana aeleze ni jaribio gani alilofanya kwa mikono yake, lilimshinda wapi na alijifunza nini. Asiandikiwe na mtu, wala asiiachie kompyuta imtungie maisha ambayo hakuyaishi.

La pili ni la Nabii Musa (a.s) katika Surat al-Kahf, kuanzia aya ya 60. Musa ni Mtume, amesema na Allah, lakini alipojulishwa kwamba yupo mja mwenye elimu asiyokuwa nayo yeye, alifunga safari ndefu kumtafuta. Alipompata hakumwambia nifundishe. Aliomba kwa adabu, kama aulizaye, iwapo anaweza kumfuata ili ajifunze sehemu ya kile alichofundishwa. Mwalimu naye alimpa masharti, na sharti lake kubwa lilikuwa subira. Vijana wengi wanatuma barua pepe moja kwa maprofesa hamsini, hawajasoma hata ukurasa mmoja wa kazi zao, kisha wanashangaa kukosa majibu. Musa alimjua anayemtafuta na alijua anamtafutia nini. Soma kazi za msimamizi, mwandikie yeye peke yake, kwa maneno machache, umweleze ni kipi katika elimu yake unachokihitaji.

Hapa inafaa kujua pia kwamba njia hazifanani. Marekani uzamivu wa sayansi za tiba huchukua kwa kawaida miaka mitano au sita, mwanafunzi huanza na masomo ya darasani na kuzunguka maabara kadhaa kabla ya kuchagua msimamizi, na vyuo vingi hufunga maombi karibu na mwezi Desemba. Programu nyingi huko hulipa ada na kumpa mwanafunzi posho ya kuishi. Ulaya, nafasi nyingi hutangazwa kama ajira, mradi ukiwa umeshapangwa, kwa miaka mitatu au minne. Ada ya kutuma maombi huwakatisha tamaa wengi, kumbe vyuo vingi huisamehe kwa mwenye kuomba na kueleza hali yake. Na si lazima kila mtu apande ndege. Tunacho Chuo Kikuu cha Muhimbili, tunayo Taasisi ya Nelson Mandela kule Arusha, na wapo watafiti wa Ifakara na wa Kilifi nchini Kenya wanaofanya kazi pamoja na vyuo vya nje.

La tatu ndilo lililonitoa jasho. Katika Surat al-Qasas, aya ya 26, binti wa yule mzee wa Madyan alimshauri baba yake amwajiri Musa, kwa kuwa mbora wa kuajiriwa ni mwenye nguvu na mwaminifu. Je, alijuaje? Alimwona. Alimwona akiwanywesheria wanyama wao katikati ya msongamano wa wachungaji, na aliiona haya yake na adabu yake. Hakushuhudia asichokishuhudia. Ikiwa barua ya mapendekezo ni ushahidi, na ni ushahidi bila shaka, basi inaingia chini ya amri ya Surat an-Nisaa, aya ya 135, inayotutaka tusimame na uadilifu katika kushuhudia, japo iwe dhidi ya nafsi zetu, wazazi wetu na jamaa zetu. Kijana wetu naye ni jamaa yetu.

Kwa nini jambo hili ni zito zaidi katika tiba? Kwa sababu mtafiti ni shahidi maisha yake yote. Anatuambia kwamba dawa hii imeponya na ile imeua, nasi tunawapa watoto wetu kwa kauli yake. Mwaka 1998 jarida la Lancet la Uingereza lilichapisha makala ya Andrew Wakefield na wenzake juu ya watoto 12, iliyoihusisha chanjo ya surua na tatizo la usonji. Ilikuja kubainika kuwa taarifa zile hazikuwa za kweli, na mwaka 2010 jarida likaifuta makala hiyo. Lakini wazazi wengi walikuwa wameshawanyima watoto wao chanjo, na surua ikarudi mahali ilipokuwa imedhibitiwa. Uongo wa karatasi uliingia kwenye miili ya watoto. Anayezoea kughushi kwenye fomu, kesho tutamwaminije kwenye matokeo ya maabara?

Mazungumzo na mzee

Siku mbili baadaye baba wa binti yule aliniita baada ya Isha. Ni mtu mwema, muuza vifaa vya ujenzi. "Ustaadh," akasema, "wewe ndiye uliyemfundisha dini. Mwambie aolewe kwanza. Umri unakwenda. Na huko anakotaka kwenda atarudi na dini gani?"

Sikumdharau, na nawaomba wasomi wetu wasiwadharau wazee wenye maswali kama haya. Suala la ndoa ni sunna yenye nguvu. Suala la mwanamke kusafiri na mahram wake wanazuoni wamelizungumza kwa kina, na halifutwi kwa kufumba macho. Yapo pia maswali ya ndani ya maabara, kuhusu wanyama wa majaribio, vitu vinavyotokana na nguruwe na mipaka ya heshima ya mwili wa mwanadamu. Haya yote yaulizwe kwa wenye elimu kabla ya safari, si baada yake.

Nilimjibu hivi: "Mzee wangu, wakeo na binti zako wakiumwa unapenda wahudumiwe na nani?" Akasema, "Na mwanamke mwenzao, Muislamu, mwenye kujua kazi yake." Nikamwambia, "Huyo mwanamke ni lazima awe binti wa mtu." Nikamweleza kwamba ndoa na elimu si wake wenza wanaogombana, na kwamba akija mume mwema anayeijua thamani ya elimu, hayo mawili yatakwenda pamoja. Na kuhusu dini, aliyeijenga kwa miaka ishirini na saba nyumbani kwake asiogope kana kwamba amejenga kwa mchanga. Nikamwomba asali istikhara, na binti yake asali, kila mmoja kwa nafasi yake.

Alinyamaza muda mrefu. Kisha akauliza: "Na hiyo ada ya kutuma maombi ni shilingi ngapi?"

Wajibu wetu tuliobaki

Ndugu zangu, kamati zetu za misikiti zinachangisha mazulia, feni na vipaza sauti, na Allah azilipe. Basi na tutenge siku moja katika mwaka, tuwaite watoto wetu wachache waliofika vyuo vikuu wakae na wadogo zao wawaonyeshe namna ya kuomba nafasi hizi. Tuwe na kifuko kidogo cha sadaka cha kulipia mitihani ya Kiingereza na kutafsiri vyeti. Na walimu wenzangu tuandike barua za kweli. Kijana akikuletea barua uliyoandikiwa utie sahihi, mrudishie kwa upole, ukae naye, umuulize, uandike unachokijua. Ukiona hujui lolote la kutosha, mwambie atafute mwingine. Huko ndiko kumsaidia.

Nami niliandika barua yangu. Sikusema binti huyu ni bingwa wa maabara, kwa kuwa sijawahi kuingia maabara yake. Niliandika kwamba alipokuwa kidato cha pili aliwekewa michango ya futari ya wanafunzi, na siku moja alinijia akilia, akasema zimepungua shilingi elfu tatu na hajui zimekwenda wapi. Hakuna aliyekuwa amegundua. Kwa majuma kadhaa aliyofuata alitembea kwa miguu kuja shuleni, akairudisha nauli yake kidogo kidogo mpaka hesabu ikatimia. Niliandika kwamba mtu anayetoa hesabu ambayo hakuna aliyemdai ndiye ninayetaka aniambie kama dawa inafaa. Nikaisoma mara mbili, nikatia sahihi, na safari hii mkono wangu haukutetemeka.

Maombi yameshatumwa vyuo viwili, majibu bado. Akipata, alhamdulillah. Akikosa, ataomba tena mwakani, kwa sababu tumefundishwa kumfunga ngamia kwanza kisha tutawakali, na ngamia huyu amefungwa kwa kamba ya kweli.

Tunamuomba Allah (s.w) atuzidishie elimu yenye manufaa, azisafishe nia zetu tusiwe miongoni mwa wanaosoma ili waitwe wasomi, na amsamehe mja wake aliyewahi kutia sahihi asichokijua. Amin.

Wabillahi tawfiq.